Nani Yumo Ndani ya Mbuzi?

"Mfunue!"

"Simfunui!"

"Zamfira, nakwambia mfunue huyo mbuzi kabla sijamfunua mwenyewe!"

"Uwanja ni wangu, Haralambie. Ukiwashwa na kufunua, nenda kafunue sufuria zako, uone kama kuna kitu ndani."

Watu wakaangua kicheko. Haralambie hakucheka.

Wiki iliyopita tuliachana pabaya. Ngoma inadunda, filimbi inalia, mbuzi wa kinyago wa kundi la ngoma la Haralambie anaruka uani kwa mjane Zamfira kama aliyemwagiwa maji ya moto, na mara langoni anaingia Pricop kwa miguu yake mwenyewe, suruali kaishikilia kwa mkono. Na Pricop ndiye aliyepaswa kuwa ndani ya mbuzi!

Ngoma ikakatika. Mbuzi akasimama. Kile kichwa cha mbao chenye pembe na vioo kikageuka kumtazama Pricop, taya likagonga mara moja, ta! Aliye ndani haonekani hata ukucha, maana blanketi la sufu lenye riboni limemfunika mpaka kwenye theluji.

"Pricop," Haralambie akaunguruma, "mbuzi ulimwacha wapi?"

"Nilimtundika kwenye uzio wa Bibi Safta, mkuu. Tumbo, mkuu. Ile gongo ya plamu na kabichi chachu havikupatana. Nikazunguka nyuma ya banda. Narudi, mbuzi hayupo! Nasikia ngoma inalia huku, nikasema, kumbe wanacheza bila mimi. Iliniuma, mkuu."

"Ilikuuma!"

"Kidogo."

"Nyuma ya banda langu?" akadakia Bibi Safta, ambaye alikwisha panda juu ya gogo la kuni ili asipitwe na kitu. "Ulikuwa unafanya nini nyuma ya banda langu, Pricop?"

Pricop akaufunga mkanda wake vizuri.

Kijiji kizima cha Gura Pietrei kilikuwa kimejaa pale, mpaka barabarani. Siku ya mwisho wa mwaka nani anakaa kwake? Na uani kwa Zamfira mbuzi wa Haralambie alikuwa hajakanyaga tangu aibu ile ya darajani. Ameingia leo kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe Haralambie hakuificha.

"Huyo ni mwanao," akasema, akimwelekezea mbuzi fimbo. "Nichifor amerudi. Watu wamemwona akishuka basi njia panda, kofia imevutwa mpaka puani kama mwizi wa kuku. Ameona kila njia ina macho. Basi akaiba mbuzi wangu aje kwa mama yake. Mbuzi wangu! Kichwa alichokichonga babu yangu!"

"Babu yako alichonga vizuri," Zamfira akasema. "Bahati mbaya alizaa vibaya."

"Wuuu!" watu wakaitikia.

Aibu ya darajani kila mtu anaijua, lakini nani amewahi kuchoka kuisikia? Kwetu, nyumba ikifiwa, mwenye msiba hagusi kinyago mpaka mwaka uishe. Mke wa Haralambie, Mungu amrehemu, udongo wa kaburi lake ulikuwa bado haujatulia. Kundi likakosa mchezaji, na Haralambie, anayempenda mbuzi kuliko anavyolipenda kanisa, akaingia chini ya blanketi kimyakimya. Angetoka salama. Lakini asubuhi ileile kijana Nichifor alikuwa amekwenda kumposa Ruxanda, binti wa Haralambie, akafukuzwa kwa mbwa. Jioni kijana kalewa, kakutana na mbuzi darajani, kaona kengele zinamkera, akalivuta blanketi.

Kijiji kikamwona mgane mwenye msiba kavaa riboni nyekundu.

Padri alimnyima ushirika mpaka Pasaka. Wanawake dukani wakimwona anapita walikuwa wanagonga meno, ta-ta-ta, halafu wanajifanya wanahisi baridi. Haralambie akaapa kwenye kaburi la mkewe: Nichifor akikanyaga tena kijijini, atamvunja miguu yote miwili, atampeleka hospitali mwenyewe, na njiani wakirudi atamvunja tena. Kijana akakimbilia Italia kujenga nyumba za watu.

Sasa sogea nikunong'oneze. Nichifor amerudi kweli. Haralambie amepata hapo. Lakini ndani ya mbuzi hayumo! Yumo darini kwa mama yake, kajibanza katikati ya mapaja ya nguruwe yanayofukizwa, macho mekundu kwa moshi, mdomo kaufunga. Na uani pale aliyeijua siri hiyo alikuwa mmoja tu, Zamfira.

Ndiyo maana mama huyu alikuwa na kiburi chote kile. Alijiambia, humu ndani ya mbuzi yumo mlevi fulani wa kijijini. Nitamwacha Haralambie abweke mpaka sauti imkauke, kisha nitafunua, watamwona mlevi, watamcheka mkuu, naye ataondoka mkia kati ya miguu. Na dari yangu haitaguswa.

"Tuseme hivi," akapaza sauti ili hata wa barabarani wasikie. "Uani kwa mtu, anayeruhusiwa kumfunua mbuzi ni mwenye uwanja peke yake. Kweli si kweli?"

"Kweli!" watu wakajibu.

"Basi nitamfunua mimi. Akiwa si mwanangu, Haralambie, utaniomba radhi hapahapa, na jina la mwanangu hutalitia tena mdomoni mwako."

"Na akiwa ni yeye?"

"Akiwa ni yeye, fimbo si unayo?"

Bibi Safta akapiga ishara ya msalaba. "Jamani, mama gani huyu," akamwambia jirani yake. "Mimi hata paka wangu nisingemweka dau."

Zamfira akatembea. Mbuzi akarudi nyuma. Zamfira akasogea tena, mbuzi akarudi tena, taya likigonga kwa woga, ta-ta, ta-ta-ta, mpaka mgongo wake ukagota kwenye ukuta wa zizi.

"Tulia wewe," Zamfira akasema kwa sauti ya chini. "Sikuumizi. Nataka kumwaibisha yule tu."

Akaingiza mkono chini ya blanketi.

Mkono mwingine ukamdaka kifundo. Mkono mdogo. Wa baridi. Usio na sugu ya shoka wala ya ulevi.

"Mama," sauti ikanong'ona gizani mle. "Mama, usinifunue. Ni mimi Ruxanda."



Binti wa Haralambie! Ndani ya mbuzi wa Haralambie! Kwetu mwanamke hamgusi mbuzi hata kumfuta vumbi. Na binti huyu baba yake alikuwa amemfungia ndani tangu uvumi wa lile basi ulipoanza, madirisha kayapigia misumari.

"Umetokaje?" Zamfira akanong'ona.

"Kwa mlango wa kuku. Nimesikia amerudi. Ni kweli yuko kwako?"

 Zamfira alikuwa anafikiri, na mawazo yake, tusimpake asali, hayakuwa ya kanisani. Mtu huyu nyuma yake amelitukana jina lake dukani, njiani na mpaka kwenye mazishi. Amemfanya mwanawe akale ugali wa ugenini. Na sasa aibu yake yote iko kwenye vidole vya Zamfira. Kuvuta tu. Kijiji kimwone binti wa mkuu wa kundi kavaa pembe. Meno yatagongwa dukani mpaka wajukuu wake wazeeke!

Vidole vikakaza sufu.

Lakini akivuta, hata mtoto wa chekechea atauliza: binti alikuwa anamfuata nani uani kwa Zamfira? Na Haralambie hatauliza. Atapanda darini.

"Mbona umeganda?" Haralambie akafoka. "Mikono imekufa ganzi?"

Zamfira akautoa mkono. Mtupu.

"Simfunui."

Kelele iliyopigwa pale, kunguru waliruka kutoka mnara wa kanisa.

"Mmeona!" Haralambie akarusha kofia yake chini. "Mmeona wenyewe! Ni yeye! Fungeni lango!"

Wanaume wa kundi wakalifunga lango, wakasimama mbele yake na fimbo zao za ngoma. Pricop naye akaokota kuni moja, ingawa ungemuuliza ni ya nini asingejua.

"Mwanao anajificha ndani ya mbuzi kama mimba ya haramu," Haralambie akasema, anakuja pole pole. "Toka, Nichifor! Ulinivua mbele ya watu, nami nakuvua mbele ya watu. Halafu miguu."

Zamfira akasimama katikati.

"Humfunui uani kwangu."

"Simfunui. Nampiga akiwa ndani mlemle. Hilo mila haikatazi."

"Wewe! Utampiga mbuzi wa babu yako?"

"Kichwa nitakikwepa. Pisha."

"Haralambie, nisikilize. Ukimpiga huyu utajuta kuliko ulivyowahi kujuta. Nakwambia kama jirani."

"Jirani!" Akatema mate. "Ujirani wako na mimi ni wa panya na ghala. Pisha, mwanamke!"

"Sipishi! Nenda kambebe mkeo kaburini akuombee, maana hata yeye uliyemchezea ngoma..."

Hakumaliza. Haralambie alimsukuma kwa mikono miwili, Zamfira akaenda chini kwa mgongo, theluji ikaruka. Watu wakasema "Aa!" wote kwa pamoja. Kumsukuma mjane, uani kwake, siku ya mwisho wa mwaka! Hata wale waliokuwa upande wa Haralambie wakatazama viatu vyao.

Lakini fimbo ilikwisha panda. Baba anampiga binti yake, naye hajui.

Na hapo ndipo mbuzi alipokufa.

Akatetemeka kuanzia pembe. Kengele zikalia. Akapiga goti, akayumba, taya likafunguka likabaki wazi, akaanguka ubavu kwenye theluji, kimya. Vilevile kama anavyokufa kila mwaka, kila uwanja, katikati ya mchezo.

Mpiga filimbi, mazoea ni mazoea, akabadili wimbo, akaanza ule wa maombolezo.

"Nyamaza, punguani!" Haralambie akamfokea.

Filimbi haikunyamaza. Wimbo huo haukatizwi. Na mbuzi aliyekufa hapigwi, hilo analijua hata mgeni aliyelala kwetu usiku mmoja. Mbuzi aliyekufa anafufuliwa, na wa kumfufua ni mkuu wa kundi, kwa maneno ya baraka anayomnong'oneza sikioni. Akiachwa amelala, mwaka mzima ngano haichipui na ng'ombe wanatupa mimba.

"Mfufue!" mtu akapiga kelele kutoka barabarani.

"Mfufue, Haralambie! Mwenzio nina ng'ombe wawili wana mimba!"

"Mfufue kwanza, umuue baadaye!" akashauri Bibi Safta.

Haralambie akatazama huku na huku. Hakuwa na mahali pa kupita. Akaishusha fimbo, akapiga goti, akalisogelea sikio la mbao kwa mdomo wake. Watu wakavua kofia. Waliamini anasema habari za ngano na shayiri.

Zamfira, aliyekuwa bado chini hatua chache tu, alisikia kila neno. Hayakuwa ya shayiri.

"Nisikilize vizuri, mbwa wewe," Haralambie alinong'ona. "Umerudi bure. Ruxanda nimekwisha mwoza. Wiki ijayo, sikukuu ya Epifania ikipita, anakwenda kwa Dorofte mwenye mashine ya kupasua mbao. Ndiyo, Dorofte huyohuyo aliyezika wake wawili. Yeye mwenyewe hajui. Atajua siku ya kuvishwa shela, mlango umefungwa. Sasa inuka nikuvunje."

Mbuzi hakuinuka.

 Zamfira akaziona riboni zile zinavyotetemeka, akajua kwamba chini ya sufu mtu analia.

Kisha kamba ya taya ikavutwa.

TA!

Taya la mbao lilijifunga kwa nguvu ya mikono miwili, na kati ya mbao na mbao ilikuwamo pua ya Haralambie.

Yowe alilopiga lilisikika mpaka kijiji cha juu. Mbuzi akasimama na pua yake mdomoni, akamvuta mkuu mzima mzima mara mbili kuzunguka kisima, ndipo akamwachia.

"Amefufuka!" Pricop akashangilia, akatupa kuni yake hewani. "Heri ya mwaka mpya!"

Ngano ya baraka ikarushwa. Ngoma ikaanza yenyewe. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, Bibi Safta akateleza kwenye gogo, na kuna mzee aliyetoa meno yake ya bandia akayaweka mfukoni ili acheke kwa uhuru.

Haralambie alisimama katikati ya kicheko kile, damu inamshuka kwenye masharubu. Macho yake yalikuwa yamebadilika. Mtu akichekwa mara moja katika maisha yake anaweza kupona. Mara ya pili, na sababu ni ileile?

"Mshikeni," akasema, kwa sauti ya chini, akiinua tena fimbo. "Mshikeni mikono na miguu. Mila basi. Mwiko basi. Leo namtoa mtu maiti."

Kicheko kikafa. Wanaume wa langoni wakasita, wakatazamana, kisha mmoja akasogea, na wa pili naye.

Zamfira aliinuka, akamvuta mbuzi nyuma yake, akarudi naye kinyumenyume mpaka mlangoni pa nyumba. Na hapo, kupitia ubao wa mlango, akasikia kitu kingine.

Ngazi ya darini inalia.

Hatua nzito, za haraka. Mama hahitaji kuambiwa hatua za mwanawe. Nichifor alikuwa ametazama yote kupitia ufa wa paa. Ya mbuzi hakuyaelewa. Alichoelewa ni kimoja: mama yake amesukumwa, ameanguka kwenye theluji. Na kule juu, kati ya yale mapaja ya nguruwe, kulikuwa na kisu cha kukatia nyama.

Kisu huku, fimbo kule. Na katikati, chini ya blanketi, binti ambaye akitoa sauti tu mambo yatakuwa mabaya mara mbili.

Zamfira akauegemeza mgongo mlangoni. Komeo likamgusa kiunoni. Mtu wa ndani analivuta.

"Mama, pisha," sauti ya Nichifor ikanong'ona kwenye ufa. "Nimesema pisha."

Mbuzi akashtuka. Kengele zikalia. Ameitambua sauti!

"Umesikia hiyo?" Haralambie akageuza sikio. "Ndani kuna nani?"

Zamfira alikuwa na pumzi moja ya kufikiri, akaitumia.

Kijijini kwetu fimbo haizuiwi na polisi, polisi wako mbali na wana ulevi wao. Haizuiwi na padri. Kinachozuia mkono ni mkate. Aliyekula katika nyumba ya mtu siku ya mwisho wa mwaka, hainui mkono juu ya yeyote aliye chini ya paa lile mpaka Epifania, na walio chini ya paa lile hawainui juu yake. Na mkuu wa kundi akikaribishwa mbele ya watu baada ya mbuzi wake kufufuka, hakatai. Kukataa ni kuitakia nyumba jeneza, na asiyejua hilo hapa hayupo.

Lakini mbuzi naye huingia. Mbuzi naye hula. Na hakuna anayekula supu kupitia blanketi.

Zamfira alilijua hilo. Akageuza kichwa kidogo, akanong'ona, "Ruxanda, ndani kuna mwanga, na baba yako ataingia. Uko tayari?"

Kutoka chini ya sufu mkono mdogo ukatoka, ukaushika mkono wa Zamfira, ukaubana.

Komeo likapanda tena. Safari hii kwa bega la mwanamume.

Zamfira akaukaza mgongo, akapangusa theluji kwenye aproni, akainua uso. Na mwanamke aliyekuwa anatukana tangu adhuhuri akatoa sauti ya bibi harusi, sauti nzito, tamu, iliyofika mpaka barabarani:

"Baba Ruxanda! Ngoma yako nimeiona, mbuzi wako amekufa kwangu na amefufukia kwangu. Kabichi za nyama ziko mezani, ugali bado unatoa moshi, na mkate nimeuoka mwenyewe."

Fimbo ikasimama hewani.

"Amekaribishwa!" Bibi Safta akapiga kelele kutoka kando ya gogo. "Nimesikia kwa masikio yangu mawili! Mkuu amekaribishwa!"

Haralambie akamtazama Zamfira. Akawatazama watu, nao wote walikuwa wanamtazama yeye, kofia mkononi, wanangoja.  Damu ikadondoka kwenye theluji.

"Unanitega nini, mwanamke?" akauliza.

Nyuma ya mgongo wa Zamfira mlango ulifunguka upana wa kidole, na harufu ya moshi wa darini ikatoka.

"Nakutega chakula," akasema. "Wewe kwanza, mbuzi wako nyuma yako. Karibu ndani, jirani. Ingia ule."